Mitishamba ya sukari: panya tumempima vya kutosha

Utafiti wa mitishamba ya kisukari hapa kwetu magharibi mwa Kenya una njia moja iliyokanyagwa mno. Majani huchumwa, huanikwa kivulini, husagwa, kisha hulowekwa katika methanoli. Maji yake huchujwa, methanoli huvukizwa, na kinachobaki ni uji mzito wa kijani au wa kahawia. Panya wa maabara hudungwa aloksani au streptozotosini, kemikali mbili zinazoua chembe za kongosho zinazotengeneza insulini. Sukari yao ikishapanda, kundi moja hunyweshwa mchujo wa majani, jingine hupewa glibenklamaidi au metformini, tembe za kisukari za hospitalini, na la tatu hupewa maji matupu. Wiki chache baadaye sukari ya kundi la mchujo huwa imeshuka. Tasnifu huandikwa, makala hupelekwa kwenye jarida, na sentensi ya mwisho husema mmea huu unatia matumaini na kwamba utafiti zaidi unahitajika.

Mara nyingi utafiti huo zaidi haufanyiki. Mwanafunzi anayefuata huchagua mmea mwingine na kuanza upya na panya wengine.

Sisemi hivi kwa kuwadharau wanafunzi na wahadhiri wa vyuo vikuu vyetu, wa Maseno, wa Masinde Muliro kule Kakamega, wa Egerton pale Njoro au wa Jaramogi Oginga Odinga kule Bondo. Fedha za utafiti ni haba, muda wa shahada ya uzamili ni mfupi, na panya ndiye anayepatikana. Ninachosema ni kwamba swali tunalomuuliza panya limekwisha kujibiwa mara nyingi, na kwamba mgonjwa wa Kisumu ana swali lake tofauti kabisa. Yeye haulizi kama mmea unaweza kushusha sukari. Jirani yake alishamwambia kwamba unashusha. Anachotaka kujua ni hiki: naweza kuunywa pamoja na tembe nilizopewa kliniki? Kikombe kimoja au viwili? Asubuhi kabla ya kula au baada? Figo zangu zitavumilia? Katika maswali hayo manne, sayansi yetu bado haijamjibu hata moja kwa uhakika.

Nenda soko la Kibuye siku ya Jumapili, siku ambayo soko hufurika, utafute upande wa wauza dawa za miti. Utakuta mizizi iliyokatwakatwa, magome yaliyofungwa kwa kamba, unga katika chupa zilizowahi kuwa za soda. Uliza dawa ya sukari na utaonyeshwa zaidi ya moja: mwarobaini, mlonge, shubiri, majani ya yale maua ya manjano ya kando ya barabara ambayo Waluo huyaita maua makech, pengine na mizizi ya ochuoga, yaani mtandamboo. Nyingi kati ya dawa hizi ni chungu, na uchungu huo ni sehemu ya imani yenyewe. Watu wengi huamini kwamba kilicho kichungu hupambana na kilicho kitamu ndani ya damu. Mwili haufanyi kazi kwa namna hiyo, kwa sababu sukari ya damu haijui ladha ya kilichopita ulimini, ila naielewa mantiki yake na sioni haja ya kuicheka. Mtu aliyeambiwa ana ugonjwa usiopona anatafuta mpangilio wowote unaoeleweka.

Sababu nyingine ni za mfukoni. Metformini yenyewe si ghali, lakini nauli ya kwenda kliniki kila mwezi ni ghali kwa mtu wa Nyakach au Seme, na stripu za kupimia sukari nyumbani ni ghali zaidi. Siku tembe zinapokosekana katika zahanati, mti wa nyuma ya nyumba haujawahi kukosekana. Tukumbuke pia kwamba wengi hawajui hata kama wanaumwa. Utafiti wa kitaifa wa magonjwa yasiyoambukiza uitwao STEPS, wa mwaka 2015, ulikuta kwamba karibu watu wazima tisa kati ya kumi nchini walikuwa hawajawahi kupimwa sukari maishani mwao. Mtu wa aina hiyo akianza kukojoa mara kwa mara na kupungua mwili, huenda muuza mizizi akawa ndiye wa kwanza kumwambia kwamba hizo ni dalili za sukari.

Kwa hiyo mchanganyiko upo tayari. Watu wanakunywa tembe asubuhi na sufuria ya majani jioni, na kliniki haijui. Haijui kwa sababu mgonjwa anaogopa kugombezwa, na anaogopa kwa haki. Tumezoea kumwambia mzee wa miaka sitini, tena mbele ya foleni, kwamba hayo majani ndiyo yatakayomuua. Mara ya pili atanyamaza. Akifika akiwa anatetemeka, ametota jasho na maneno yamemchanganyika kwa sababu sukari imeshuka mno, hakuna anayejua kilichoingia mwilini mwake isipokuwa tembe zilizoandikwa kwenye kijitabu chake.

Hatari hii si ya kubuni. Mwaka 1979 jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha kisa cha mwanamke mmoja nchini Uingereza aliyekuwa akitumia klopropamaidi, tembe ya sukari iliyo ukoo mmoja na glibenklamaidi, huku akila mchuzi wenye karela. Wale wanaojua karela, tunda lile chungu lenye vinundu linalouzwa na wauza mboga wa Kihindi mjini Kisumu, wanajua kwamba ni chakula cha kawaida. Lakini pamoja na ile tembe, sukari yake ilikuwa ikishuka kuliko ilivyokusudiwa. Tembe za ukoo huo hulilazimisha kongosho kutoa insulini, iwe mtu amekula au hajala. Ukiongeza juu yake mmea wenye nguvu ya kweli, unaweza kumwangusha mgonjwa usiku akiwa amelala. Na glibenklamaidi hukaa mwilini muda mrefu, hasa kwa wazee ambao figo zao zimechoka.

Metformini peke yake ni nadra kuangusha sukari hivyo. Tatizo lake liko upande mwingine: hutolewa mwilini na figo. Mzizi wowote unaoumiza figo kimyakimya unaifanya metformini irundikane, na ikirundikana damu inaweza kujaa asidi. Ndiyo maana kusema kwamba mmea ulishusha sukari ya panya bila kueleza ulizifanya nini figo zake, na ulifanya nini ulipochanganywa na metformini, ni kumpa mgonjwa nusu ya habari, tena ile nusu inayomshawishi.

Sasa turudi kwa panya mwenyewe, maana hapa ndipo wasomaji wengi hudanganywa na vichwa vya habari.

Aloksani na streptozotosini huua chembe za kongosho. Panya huyo anafanana zaidi na mtoto mwenye kisukari cha aina ya kwanza, ambaye mwili wake hautengenezi insulini. Lakini zaidi ya asilimia 90 ya wagonjwa wa kisukari duniani wana aina ya pili, ambapo insulini ipo, angalau mwanzoni, na mwili umekuwa sugu kwayo. Panya anayekaribia hali hiyo hulishwa mafuta mengi kwa wiki kadhaa kwanza, halafu hupewa dozi ndogo ya streptozotosini. Ni kazi ya muda mrefu na gharama zaidi, na ndiyo sababu wengi huiruka. Isitoshe, kuna panya ambao kongosho zao huanza kupona zenyewe dozi isipokuwa kali vya kutosha, na kundi la panya watano au sita haliwezi kukuonyesha waziwazi kama ni dawa iliyoponya au ni siku zilizopita.

Kuna pia kipimo kinachofanywa bila mnyama yeyote. Mchujo huchanganywa na vimeng'enya viwili, amilasi na glukosidasi, vile ambavyo tumboni huvunja wanga wa ugali kuwa sukari. Mchujo ukivizuia, inasemwa kwamba mmea utachelewesha sukari kuingia kwenye damu. Wazo lenyewe ni sahihi, na akabosi, dawa inayoandikwa hospitalini, hufanya kazi hiyohiyo. Kasoro ni kwamba majani na magome mengi yana tanini, zile kemikali zinazoukausha ulimi ukitafuna gome au ukinywa chai iliyochemka kupita kiasi. Tanini hushikamana na protini ya aina yoyote, na kimeng'enya ni protini. Karibu kila gome lenye tanini litafaulu mtihani huo ndani ya chupa. Maabara isiyoondoa tanini kwanza itatangaza dawa mpya kila muhula.

Halafu dozi. Chukua mfano wa kawaida: panya amepewa miligramu 400 za mchujo kwa kila kilo ya uzito wake. Ili kupata dozi inayokaribiana kwa binadamu, wanasayansi hugawanya kwa takriban 6.2, kwa sababu mwili mdogo hutumia dawa haraka kuliko mkubwa. Tunapata miligramu 65 hivi kwa kilo. Mtu wa kilo 70 atahitaji gramu nne na nusu za mchujo mkavu kila siku. Kama gramu 100 za majani makavu hutoa gramu 10 za mchujo, hizo ni gramu 45 za majani makavu, na kwa kuwa jani bichi ni maji kwa sehemu kubwa, tunazungumzia zaidi ya gramu 200 za majani mabichi kila siku ya Mungu. Hakuna anayekunywa hivyo. Muuzaji wa Kibuye hupima kwa kiganja, mnunuzi huchemsha kwa kukisia kama anayetia chumvi kwenye mboga, na maji hayatoi kemikali zilezile ambazo methanoli hutoa. Yaani kilichopimwa maabara na kinachonywewa nyumbani ni vitu viwili tofauti vinavyoshiriki jina moja la mmea.

Na hata jina hilo ni la kutiliwa shaka. Mti mmoja huitwa hivi Gem na vile Vihiga, na jina moja hubeba miti miwili ukivuka kwenda Nandi. Utafiti wa heshima huhifadhi tawi lililokaushwa katika hifadhi ya mimea, kama ile ya Makumbusho ya Taifa jijini Nairobi, ili yeyote ahakikishe ni mmea gani hasa uliotumika. Udongo, msimu wa mvua na umri wa mti navyo hubadilisha nguvu ya majani.

Wanaotetea mitishamba hunikumbusha kwamba metformini yenyewe ilitoka kwenye mmea. Ni kweli, na natamani kisa hicho kisimuliwe chote badala ya kukatizwa katikati. Mmea wenyewe ni Galega officinalis, uliotumiwa Ulaya kwa karne nyingi. Kemikali yake, galejini, ilishusha sukari, lakini mmea huo unajulikana pia kwa kuua kondoo malishoni. Watafiti walijaribu galejini kwa wagonjwa katika miaka ya 1920 na kuiacha kwa sababu ya ukali wake. Metformini, molekuli iliyo jamaa yake na isiyo na ukali huo, ilitengenezwa maabara mwaka 1922, ikakaa bila kushughulikiwa, hadi daktari Mfaransa Jean Sterne alipochapisha matokeo yake kwa wagonjwa mwaka 1957. Marekani iliiruhusu katikati ya miaka ya 1990. Kwa hiyo historia ya metformini haithibitishi kwamba kunywa majani ni salama. Inaonyesha kwamba hata mmea uliokuwa na dawa ya kweli ulikuwa na sumu ndani yake, na kwamba kazi ngumu ilikuwa kuitenga dawa na sumu hiyo, kisha kumrudia mgonjwa na kumpima.

Karela ni mfano wa karibu zaidi, kwa sababu umepimwa kwa watu. Mwaka 2012 wahakiki wa Cochrane, shirika linalokusanya na kupima ushahidi wa tiba, walikusanya majaribio manne yaliyostahili, yenye washiriki 479 kwa jumla, na kuhitimisha kwamba ushahidi hautoshi kusema karela inasaidia wagonjwa wa aina ya pili. Hayo ni baada ya tafiti za panya zisizohesabika zilizoisifu. Sisemi karela haifanyi kitu. Kile kisa cha 1979 kinadokeza inafanya. Nasema safari kutoka kwa panya hadi kwa mtu hupukutisha mimea mingi njiani, na sisi huku hatujaanza hata safari hiyo.

Afrika Mashariki inajua kinachotokea pengo hilo linapojazwa na mtu mwingine. Mwaka 2011 maelfu ya watu, Wakenya wakiwemo, walimiminika Loliondo, Tanzania, kunywa kikombe cha mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile kwa shilingi 500 za huko. Ilisemekana kinatibu kisukari pamoja na maradhi mengine makubwa. Mmea uliochemshwa ulikuwa mugariga, ambao ni ule ule mtandamboo, ile ochuoga ambayo watoto wachungaji wa Nyanza hula matunda yake. Watu walifia kwenye foleni, na wengine waliacha dawa zao za hospitali wakiamini wamepona. Mmea ulikuwa wa kweli, na kiu ya watu ilikuwa ya kweli. Kilichokosekana ni mtu wa kupima sukari ya aliyekunywa, kabla na baada, na kuandika.

Kupima huko ndiko ninakokudai. Nataka tuanze na kikombe kinachonywewa tayari, pamoja na tembe zinazomezwa tayari. Hatuhitaji kumpa mtu yeyote dawa mpya ili kuanza. Kliniki za kisukari za Kisumu, Kakamega, Bungoma na Eldoret zina maelfu ya wagonjwa wanaorudi mara kwa mara. Wengine wao wanatumia majani, wengine hawatumii. Mwuguzi anayeuliza kwa upole, kwa Dholuo au kwa Kiluhya, "Mama, mbali na tembe hizi, kuna kitu kingine unachokunywa nyumbani?" na kuandika jibu bila kukunja uso, ameshaanza utafiti. Mgonjwa alete majani yenyewe, yatambuliwe na mtaalamu wa mimea. Apimwe HbA1c, kipimo kinachoonyesha wastani wa sukari kwa miezi mitatu hivi, pamoja na ini na figo. Miezi mitatu ikipita, arudiwe vipimo hivyo hivyo. Kamati ya maadili ikisharidhia, hiyo ni kazi ambayo mwanafunzi wa uzamili anaweza kuimaliza, na gharama yake haiko mbali sana na ya panya na streptozotosini.

Utafiti huo wa kwanza hautathibitisha kwamba mmea unatibu, na asitokee wa kudai hivyo. Anayeanza kunywa mwarobaini mara nyingi huacha pia sukari kwenye chai, hupunguza ugali na kuanza kutembea. Tena huanza siku ile kipimo chake kimekuwa kibaya kupita vyote, siku ambayo hata bila kufanya lolote kipimo kijacho kina nafasi kubwa ya kuwa afadhali. Utaonyesha lakini kile ninachokiona muhimu kuliko vyote: ni mimea ipi inayoambatana na sukari kushuka mno, na ipi inayoambatana na figo kuharibika. Mmea utakaopita hapo bila dhara ndio ustahili kuingizwa katika jaribio kamili, ambapo nusu ya washiriki hupewa chai ya mmea huo na nusu chai nyingine chungu isiyo na dawa, bila wao kujua ni ipi.

Vichupa na unga wenye lebo zinazouzwa madukani na mitandaoni zipimwe pia, kwa sababu nyingine. Mwaka 2008 huko Singapore watu wapatao 150 walilazwa sukari ikiwa imeshuka vibaya, na wanne wakafa, baada ya kumeza tembe haramu za kuongeza nguvu za kiume zilizokutwa na glibenklamaidi ndani yake. Unga wa majani unaoshusha sukari kwa siku mbili unapaswa kutiliwa shaka hiyo hiyo. Bodi ya Dawa na Sumu ina mamlaka ya kuchukua sampuli, na kipimo cha kuitafuta glibenklamaidi ndani ya unga kinajulikana.

Limebaki suala la wenye maarifa. Mama anayeuza mizizi katika soko la Luanda kule Vihiga au Kibuye huenda alifundishwa na nyanya yake, na watafiti wetu huanzia kwake: humhoji, humshukuru kwenye ukurasa wa shukrani bila jina, kisha huondoka. Kenya iliridhia Itifaki ya Nagoya, mkataba wa kimataifa kuhusu rasilimali za viumbe ulioanza kutumika Oktoba 2014, na mwaka 2016 Bunge lilipitisha sheria ya kulinda maarifa ya jadi. Zote mbili zinataka ridhaa ya jamii na mgao wa faida. Kwenye utafiti ninaoupendekeza, wauzaji hawa wawe washirika tangu mwanzo: wanajua nani hununua nini, kwa muda gani, na nani alirudi kulalamika kwamba alizimia. Kumbukumbu hizo za malalamiko hazimo katika tasnifu yoyote niliyowahi kuisoma. Wao pia ndio wa kwanza wanaopaswa kuletewa majibu, kwa lugha wanayoisema, kabla ya jarida lolote, ili kama kuna mzizi ambao haufai kuchanganywa na glibenklamaidi, mnunuzi wa Jumapili ijayo aulizwe kwanza anameza tembe gani.

Kwa anayesoma haya huku sufuria ikiwa jikoni: usiache tembe zako. Kama unatumia glibenklamaidi na unakunywa mchujo wowote, ukipatwa na jasho la ghafla, kutetemeka au kizunguzungu, kunywa kitu chenye sukari mara moja na utafute kipimo. Halafu, utakapokwenda kliniki, beba hayo majani kwenye karatasi, na umwambie mwuguzi unachukua kiasi gani na unachemsha kwa muda gani.